Nani Atakaa Chini ya Mkeka

Kaka yangu Pouvi hakununua ile mashine kwa tamaa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Apia, mji mkuu wetu hapa Samoa, wana midomo, na nimeshasikia mengi. Aliinunua kwa ajili ya kuku. Kila mara lori la kuku wa barafu lilikuwa likiachwa gatini Mulifanua mpaka linaanza kunuka, kwa kuwa mpakizi mmoja kampisha binamu yake mwenye mbao, mwingine kampisha mchungaji wake, na mwingine kampisha shemeji mwenye nguruwe wa harusi. Kivuko chetu kilikuwa kinaondoka kimejaa ujamaa, huku mizigo iliyolipiwa ikibaki inatutazama. Mimi ni mkuu wa mizigo katika kampuni hii ya familia. Nimekalia kiti hicho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na pale gatini sijapata kumkemea mtu ambaye si ndugu wa mtu ninayemwogopa.

Kwa hiyo Penina alipoleta habari za akili mnemba, sikupinga. Penina ni binti wa Pouvi, na ni mwanangu pia, kwani mama yake alifariki yeye angali mdogo, nikamlea mimi. Alisoma Auckland, akafanya kazi hukohuko, akarudi na viatu visivyotoa sauti na tabia yake ileile ya kutolia. Siku tulipomzika mama yake, watoto wote wa ukoo walilia isipokuwa yeye. Alikwenda nyuma kuosha vyombo. Baba yake alipopasuliwa moyo na daktari akamwambia apumzike, alimkabidhi Penina kampuni yote, vivuko na madeni na wajomba.

Mashine ingepanga mzigo upi upande kivuko kipi, na ingejibu ujumbe wa wateja simuni. Penina hakukurupuka. Alisema kwanza zitungwe kanuni, ndipo mashine iwashwe. Tukakaa mezani yeye, Pouvi, mimi, na Lafaele, msimamizi wa wapakizi, mwanamume mkubwa kama mlango wa kanisa na mwoga wa wake za watu. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo Gavin, aliyetuuzia mashine, akiwa kwao Brisbane. Tulikula maandazi, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Kanuni zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mashine haitachungulia siri za wateja. Mashine haitamfukuza mtu kazi. Na iliyo kubwa kuliko zote: mpango wa mashine hautapinduliwa na mtu yeyote gatini ila kwa ruhusa ya Penina mwenyewe. Hiyo ilikuwa dawa ya ubinamu, na wote tuliinyoshea mkono, hata Lafaele, ingawa wake ulipanda polepole.

Ndipo nikauliza, je, ikikosea? Penina akasema hilo limeshaandikwa: kampuni itawajibika.

"Kampuni ina magoti?" nikamuuliza.

"Magoti ya nini, Shangazi?"

"Ya kukalia. Nauliza nani atakaa chini ya mkeka."

Pouvi alicheka mpaka akashika kifua. Kwetu mtu wa ukoo akitenda kosa zito, hatupeleki barua. Mkuu wa ukoo huenda kabla hakujapambazuka, akakaa uani kwa waliokosewa, kajifunika mkeka mwororo, ule wa urithi, na mbele yake ameweka kuni na mawe ya kuokea, kana kwamba anasema: nimejileta, nipikeni mkitaka. Hukaa hivyo bila neno hadi wenye nyumba waje kumfunua. Au wasije. Tunaiita ifoga, na hakuna anayeifanya kwa mchezo. Penina alitabasamu, akasema haya ni mambo ya mizigo, si mauaji, akaiacha sentensi yake palepale. Gavin akasema ni sentensi safi sana, wateja wake wote wanaitumia.

Mashine ilifanya kazi. Kuku walifika kisiwa cha pili, Savai'i, wakiwa wagumu kama matofali, wenye maduka wakaacha kunitukana, na mabinamu wakajifunza kupanga foleni kama Wakristo. Lafaele alipopitisha mafriji ya mama yake mkubwa kwa mlango wa nyuma, Penina alimkata mshahara wa wiki, naye hakurudia tena. Mimi mwenyewe nilikuwa naisifia mashine kanisani.

Halafu akafa Tagaimoana.

Alikuwa mkuu wa kijiji cha Matautele, kule Savai'i, mzee ambaye wakuu wengine walinyamaza akikohoa. Alifia hospitali ya Apia. Mkwe wake, mwanamke mwangalifu, alijua kwamba siku hizi kila kitu chetu hukatiwa nafasi kwa simu, akajaza kama alivyoulizwa: mzigo mmoja, urefu huu, uzito huu. Mashine ikauweka mwisho wa foleni, kati ya mizigo ya kawaida.

Hapa lazima nieleze, maana watu wameuliza sana ilikuwaje tukasahau. Gatini kwetu jeneza halisubiri. Halikatiwi tiketi wala halipangwi foleni. Likifika, kazi inasimama, lori lililokwisha kupanda linashushwa, wanaume wanavua kofia, na kivuko kinangoja. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo, kama ambavyo hakuna aliyewahi kuandika kwamba mtoto mchanga apewe maziwa. Tulipokuwa tukiifundisha mashine tuliiambia kila jambo tulilowahi kugombania, na jambo hili hatujawahi kuligombania hata siku moja. Basi haikuambiwa, nayo haikuwa na shangazi wa kuifinya.

Jeneza lilifika gatini adhuhuri na familia yake. Lafaele alivua kofia, akatazama kioo, akaona kivuko kimejaa: kuku, vinywaji vya hoteli, saruji. Akampigia Penina. Penina alikuwa angani, ndani ya ndege ya kutoka Auckland. Akanipigia mimi. Mimi nilikuwa nimelala kwa daktari wa meno, mdomo umekufa ganzi, simu iko mkobani. Lafaele alisimama pale na mshahara wake uliokatwa ukimuuma bado, na kanuni tuliyoipigia kura wote ikiwa imebandikwa ukutani. Akaifuata kanuni. Kivuko kikaondoka na kuku.

Mjane, mama Tiresa, akaandika ujumbe kwa simu ya mkwe wake, kuuliza mume wake atavuka lini. Jibu lilikuja papo hapo. Nimelisoma kwa macho yangu, na naomba Mungu anisahaulishe. Lilimshukuru kwa kutuchagua. Likasema mzigo wake ni wa thamani kwetu na utasafiri na kivuko kinachofuata, na kwamba vitu vinavyoharibika ni vyema vifungwe kwenye barafu.

Kivuko kilichofuata hakikuondoka, kwa kuwa upepo ulikuwa umepanda. Tagaimoana alilala gatini chini ya turubai, mke wake kakaa kando yake juu ya kreti la soda. Alikuwa anaandika ujumbe, anajibiwa, anaandika tena. Ng'ambo ya pili wakuu wa Matautele walikuwa wameketi na mikeka yao na vyakula vimeiva, wanamngoja mkuu wao, na mkuu hakuja. Kesho yake alivushwa, akazikwa. Siku ileile tukaletewa salamu: kivuko chetu kikitia pua gati la kwao, Salelologa, vijana watakipokea kwa mawe.

Penina alifika ofisini na begi lake la safari. Tukakaa kwenye meza ileile. Gavin akasema amepitia kila kitu, mashine haikukosea, ilifanya kama ilivyoelekezwa. Mwanasheria wetu akasema tusikiri lolote. Kulikuwa hata na barua ya kuomba radhi, mashine imeshaiandika yenyewe, kwa lugha mbili, tamu kweli. Nilitaka kuichukua ile kompyuta niitose baharini, na nilisema hivyo, Gavin akinisikia.

Lafaele alikuwa analia waziwazi, machozi yanamdondokea kwenye fulana ya kazi. Akasema yeye ndiye aliyeliacha jeneza, basi yeye ndiye atakayekwenda. Penina akamwambia hapana, alifuata kanuni, na kanuni si yake. Ndipo Pouvi akainuka, akasema yeye ni mkuu wa ukoo na hili halina mjadala, nimtafutie mkeka.

"Kaa chini," nikamwambia. "Ukubwa ni jaa, najua, lakini jaa halijashonwa kifuani juzijuzi."

"Wewe Fetuao, mimi ni mdogo wako?"

"Leo ndiyo."

Penina alikuwa amefungua kanuni zake, anaitazama sentensi moja. Niliijua ni ipi. Nikamwonea huruma, maana alikuwa ametunga kila kitu kwa akili na kwa nia njema, na sasa alikuwa anaikagua ile sentensi akitafuta mtu ndani yake, na hamna.

"Shangazi, mtu hukaa kwa muda gani?"

"Mpaka hasira yao ichoke."

"Isipochoka?"

Nilikuwa naogopa, na sioni aibu kusema. Nimeona watu wakifunuliwa na kukumbatiwa. Nimeona pia mtu mmoja akirudi nyumbani na kichwa kilichopasuliwa, na hakuna aliyemshtaki mwenziwe, kwa sababu ukijipeleka umejipeleka. Nikamwambia hayo yote, nikitumaini atamwachia mwanasheria kazi yake.

Alifunga kompyuta Gavin akiwa katikati ya sentensi. Akaniomba mkeka wa mama yake.

Tulivuka kwa mashua ya jamaa, tukalala kwa ndugu wa mbali, na kungali giza tukaingia Matautele kwa miguu. Mbele Penina, nyuma yake mimi, kisha Lafaele na kuni begani na kapu la mawe. Pouvi tulimwacha barabarani ndani ya gari la ndugu hao, kwa amri ya daktari na yangu. Nyumba ya marehemu haina kuta, kama nyumba zetu zote za heshima, na mapazia ya makuti yalikuwa yameteremshwa. Penina akakaa chini, akakunja miguu. Nikamfunika. Mkeka ule mama yake aliufuma kwa miaka, laini kama kitambaa, na ulikuwa bado una harufu ya sanduku lake. Nikaketi nyuma, kichwa chini. Mvua ikaanza kunyesha, si kubwa, ile ya kuudhi tu.

Kukapambazuka. Pazia moja likainuliwa, likashushwa. Majogoo waliwika, moshi ukatoka jikoni, watu wakapita kwenda makondeni na mapanga yao, na kila aliyepita alipunguza mwendo. Kijana mmoja akasimama karibu kabisa. Niliona miguu yake na ncha ya panga.

"Mfunikeni vizuri," akasema. "Asije akaharibika. Au mnataka barafu?"

Wenzake wakacheka. Lafaele alitikisika nyuma yangu, nikamshika mkono. Mkeka haukusogea. Jua likatoka nyuma ya mvua, likapanda, na vijana wakaongezeka, na hakuna mtu mzima aliyewaambia waondoke. Magoti yangu yalikuwa yameshaniaga. Kisha nikasikia kitu kidogo chini ya mkeka, pumzi inayokatika na kuunganika tena, nikajua mwanangu analia. Alikuwa hajanipa nafasi ya kuisikia sauti hiyo tangu nianze kumlea, na sikuweza hata kumgusa.

Pazia likapanda, likabaki juu. Wakuu walikuwa wameketi ndani, kila mmoja ameegemea nguzo ya cheo chake. Msemaji wa kijiji akasimama na fimbo yake, akakohoa tayari kwa hotuba, lakini mama Tiresa alimpita, akashuka uani peku. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria. Alikuja mpaka mbele ya mkeka, miguu yake ikiwa baina ya mawe na kuni zetu.

"Nani humo?"

"Penina, mama. Binti wa Pouvi."

"Baba yako sikumuuliza. Usiku ule gatini niliuliza, nikajibiwa mume wangu nimfunge kwenye barafu. Aliyenijibu ni nani?"

Jibu la kweli lilikuwepo, rahisi, na kila mtu pale alilijua. Gavin angelitoa bila kumeza mate, na mwanasheria angempigia makofi. Nilimwomba Mungu na sikujua namwomba nini.

"Ni mimi," akasema Penina.

"Wanasema ni mashine."

"Mashine niliiweka mimi, nikaondoka, nikaiacha ijibu watu. Hakuna mwingine wa kuulizwa, mama. Ni mimi."

Mama Tiresa akainama, kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaushika mkeka kwa pembe mbili na kuuondoa. Penina alikuwa amelowa, nywele zimemganda usoni, pua inamtoka kamasi kama mtoto. Mjane alimtazama vizuri.

"Hukunitia hasira kwa ajili ya kuku," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Kuku nao wanaliwa. Lakini nilikesha nikiuliza, na kila nikiuliza najibiwa haraka, maneno matamu, na hapakuwa na mtu. Nilidhani nimerukwa na akili. Inuka. Kakao ina moto."

Penina hakuweza kuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mama Tiresa hakuwa na nguvu za kumvuta, kwa hiyo aliketi naye pale chini kwenye matope, akamshika kichwa. Ndipo msemaji akapata nafasi yake, naye hakuihurumia; alianza na kuumbwa kwa dunia. Nyuma nilisikia mlango wa gari. Pouvi alikuja akijikongoja, na hakuna aliyemzuia. Kuni zetu zikawashwa, mawe yetu yakapata moto, na juu yake yakaokwa magimbi na mashelisheli tuliyoyala pamoja nao mchana. Yule kijana wa barafu ndiye aliyeniletea sahani yangu, akiwa ameinamisha macho, nami sikumsaidia kwa kujifanya sikumtambua.

Tuliporudi, Penina hakuizima mashine. Kuku bado ni kuku. Lakini ile sentensi aliifuta, na mahali pake, kando ya kila kazi tunayoipa mashine, liko jina la mtu, mmoja, mwenye magoti, atakayekaa chini ya mkeka ikikosea. Gavin alidhani ni mzaha wa visiwani mpaka alipotuletea mashine nyingine, ya kuchagua wa kuajiri na wa kuacha. Penina akauzungusha mpango huo mezani pamoja na kalamu. Ulizunguka, ukarudi bila jina, na yakaishia hapo. Kwenye upangaji wa mizigo liko jina langu, na jambo la kwanza nililoifundisha mashine ni kwamba jeneza halisubiri. Lafaele anaweza kukisimamisha kivuko kwa ajili ya mfiwa bila kumpigia mtu simu, na meno yangu nayatibu siku ambazo hakuna safari.

Kwenye majibu ya wateja liko jina la Penina. Mashine hujibu habari za nauli na saa. Lakini kukiwa na msiba, au mtu akiuliza mara ya pili, simu inalia kwake, popote alipo. Wakati mwingine inalia kanisani, naye hutoka nje na viatu vyake vya kimya.

Jumapili moja tulikuwa kwa Pouvi, chakula cha baada ya ibada kimeshapakuliwa, simu ikalia. Penina akaipokea mdomo umejaa shelisheli. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, tuliisikia sote.

"Nani huyo?"

Penina alimeza.

"Ni mimi, mama Tiresa."

"Vizuri. Nina nguruwe wa arobaini ya mume wangu, yuko hapo gatini kwenu. Avuke leo, na usiniambie habari za kivuko kinachofuata."

Pouvi aliacha kutafuna. Mimi nilimtazama mwanangu, nikaona anafuta mkono wake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayejipanga.

"Mume wako angevuka sasa hivi, mama, na mimi ningembeba. Nguruwe atapanga foleni kama wenzake."

Mama Tiresa akacheka, akauliza foleni ina watu wangapi, akasema basi atangoja.